Sikio Kabla ya Pumzi: Muziki wa Kumpa Mtoto Anayejifunza Saksafoni

  

Lengo la mhadhara huu ni kujibu swali ambalo mzazi hujikuta nalo wiki ya pili baada ya saksafoni kuingia nyumbani. Wiki ya kwanza ni sherehe. Mtoto anavaa mkanda shingoni, anapigwa picha, babu anapigiwa simu ili asikie. Wiki ya pili mambo hubadilika. Midomo inauma, kidole kidogo hakifiki kwenye kitufe chake, na sauti inayotoka ni ukelele usiotaka kutulia. Mtoto anaanza kuliacha sanduku chini ya kitanda. Afanyiwe nini asikate tamaa?

Jibu lililozoeleka ni mazoezi na kitabu cha noti. Ni jibu zuri, ila linakuja la pili. La kwanza ni kusikiliza. Mtoto apewe muziki wa kusikiliza, tena muziki uliochaguliwa, kwa maana upo unaomfungulia mlango na upo unaomfungia. Hoja ni tano, na zote zinashikana: saksafoni ni ala ya kuimbia, hivyo mtoto aanze na nyimbo anazoweza kuziimba.

Hoja ya kwanza: sauti hujengwa mdomoni, na mdomo huongozwa na sikio

Saksafoni ni ala changa ukiilinganisha na ngoma au zeze. Aliyeibuni, Adolphe Sax, alizaliwa mwaka 1814 katika mji wa Dinant, Ubelgiji, mtoto wa fundi wa ala za muziki. Mwaka 1846 aliisajili hataza yake mjini Paris. Aliunda familia nzima, na wanakwaya watayatambua majina yake: soprano, alto, tenori, baritoni. Watoto wengi huanzia alto, yenye uzito wa kilo mbili na nusu hivi, maana inaenea mikononi mwao.

Mwili wake ni wa shaba, lakini kinacholia mwanzoni si shaba. Kwenye kipulizio hufungwa kipande chembamba cha mwanzi, na pumzi ikipita, mwanzi ule hutikisika. Mtu wa pwani aliyekua akisikia zumari kwenye ngoma anaijua kanuni hii. Pumzi hukitikisa kipande cha mmea, na mmea ndio unaoanzisha sauti. Bomba hulikuza tu jambo lililokwisha kuanza mdomoni.

Hapo ndipo penye siri ya ala hii. Kwenye piano, mtoto wa miaka saba na profesa wakibonyeza kitufe kilekile watapata noti ileile. Kwenye saksafoni wakibonyeza vitufe vilevile watapata vitu viwili tofauti. Midomo ikibana, noti hupanda, ikilegea, hushuka, koo likikazwa, sauti hukonda. Mtoto asiyewahi kusikia sauti nzuri ya saksafoni hajui anatafuta nini. Ni kama kumtuma sokoni bila kumwambia anunue nini.

Ushahidi ni rahisi kuupata. Charlie Parker na Paul Desmond wote walipuliza alto. Parker sauti yake ina makali, inakwenda mbio, inakata kama panga jipya. Desmond, aliyetunga “Take Five” na kuirekodi mwaka 1959 na kundi la Dave Brubeck, anapuliza kama mtu anayezungumza na mtoto aliyelala. Mwekee mtoto dakika moja ya kila mmoja, kisha muulize yupi angependa kufanana naye. Akishajibu, ana lengo. Atakaporudi kwenye ala yake, midomo yake itakuwa inatafuta kitu kinachojulikana.

Hoja ya pili: aanze na wimbo unaoimbika

Ikiwa ni lazima kuchagua kipande kimoja tu cha kumfungulia mtoto safari hii, mhadhara huu unachagua “St. Thomas” cha Sonny Rollins, kilichorekodiwa Juni 1956 na kutoka katika albamu ya Saxophone Colossus. Rollins alizaliwa Harlem, New York, mwaka 1930, na wazazi wake walitoka Visiwa vya Virgin katika Karibi. Wimbo huo ni wa kienyeji wa visiwani, naye aliusikia utotoni ukiimbwa na mama yake. Alipokuwa mtu mzima, mwenye jina, aliuchukua wimbo wa mama na kuupuliza kwa mtindo wa kalipso.

Walimu, tusikilize pamoja jinsi kilivyopangwa. Dramu za Max Roach zinatangulia peke yake, kavu na nyepesi, miguu inaanza kuchezacheza kabla hata ya wimbo. Kisha saksafoni ya tenori inaingia na wimbo wenyewe: mfupi, mchangamfu, hauna kona za kumtatiza mtu. Mtoto akiusikia mara tatu atauimba. Halafu Rollins anaanza kubuni papo hapo, na anaanza na nini? Noti mbili fupi. Anazipiga, ananyamaza, anazirudia mahali pengine penye mapigo, anazichelewesha, anazigeuza. Anacheza nazo kama mtoto anavyocheza na gololi mbili, na kutoka hizo mbili anajenga solo nzima.

Somo kwa mtoto ni kubwa. Anajua noti tano tu? Rollins alianza na mbili.

Kwa hiyo utaratibu unaopendekezwa ni huu. Siku ya kwanza mtoto asikilize bila kushika ala. Siku ya pili aimbe wimbo na kuupigia makofi. Siku ya tatu aitafute noti ya kwanza kwenye saksafoni yake, kwa kubahatisha, hadi ilingane na ile iliyo kichwani. Mwalimu asiharakishe kumtajia jina la noti. Zaidi ya hayo, alto huandikiwa kwa namna yake: mtoto akipuliza noti iliyoandikwa C, kwenye piano italingana na Eb. Anayetegemea karatasi ya piano atapotea. Anayetegemea sikio atafika.

Baada ya hapo vipo vingine vya rika hilo. Wimbo wa filamu ya The Pink Panther, uliotungwa na Henry Mancini mwaka 1963, una tenori ya Plas Johnson inayonyata kama paka, na watoto huupenda wakiusikia tu. “Take Five” una mapigo matano katika kila kipimo badala ya manne yaliyozoeleka. Mtoto ahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Na vya kusubiri? John Coltrane anatupa cha kumpa mtoto na cha kusubiri katika albamu moja, Giant Steps, iliyotoka mwaka 1960. Kipande kinachobeba jina la albamu hubadilisha kodi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, kwa kasi inayowatoa jasho hata wazoefu. Ukimwekea mtoto aliyejifunza kwa miezi mitatu tu, anaweza kuhitimisha kwamba ala hii si ya watu kama yeye. Lakini humo humo kuna “Naima,” iliyopewa jina la mke wake, ya polepole, yenye noti ndefu. Hiyo mpe. Noti ndefu ndilo zoezi lenye manufaa kuliko yote kwa anayeanza, na hapa anaona kwamba Coltrane naye alizipenda.

Hoja ya tatu: asikie pia sauti za karibu

Wapo wanaodhani saksafoni ni mali ya Marekani. Wazee waliocheza dansi Dar es Salaam hawadhani hivyo. Kwao ni “mdomo wa bata,” na mpulizaji wake alikuwa na heshima sawa na mwimbaji. NUTA Jazz ilianza mwaka 1964, na leo ni Msondo Ngoma. Mlimani Park, yaani Sikinde, ilianza mwaka 1978. Katika nyimbo za bendi hizi mtoto atasikia jambo ambalo kitabu cha noti hakimwambii: namna ya kujibizana. Mwimbaji anamaliza mstari, saksafoni na tarumbeta zinaitikia. Wimbo ukifika kwenye chemko, magitaa yakaanza kukimbizana, vipulizwa huingia pamoja na maneno mafupi, yaleyale, kwa wakati uleule. Mtoto apewe maneno hayo mafupi ayajifunze. Ni noti chache, zinaimbika, na baba au bibi aliye sebuleni atazifahamu na kuinua kichwa. Kusikilizwa na watu wa nyumbani humpa mtoto nguvu ambayo hakuna cheti kinachoweza kuitoa.

Tukivuka ziwa kuelekea Kongo, yuko Verckys Kiamuangana Mateta, aliyeipulizia OK Jazz ya Franco katika miaka ya 1960 kabla ya kuanzisha kundi lake la Vévé. Na tukienda hadi Kamerun tunakutana na Manu Dibango.

Kisa cha Dibango kinafaa kusimuliwa kwa mtoto kabla ya kulala. Alizaliwa Douala mwaka 1933, mama yake akiongoza kwaya ya kanisa. Mwaka 1949, akiwa na miaka 15, alipelekwa Ufaransa kusoma, na mkononi alibeba kilo tatu za kahawa za kuilipa familia iliyompokea. Wakulima wa Kilimanjaro na Bukoba wataelewa mzigo ule ulikuwa na maana gani. Huko alijifunza piano, kisha saksafoni. Mwaka 1961 alijiunga na African Jazz ya Joseph Kabasele, akaenda nayo Kongo. Mwaka 1972 Kamerun ilipoandaa Kombe la Mataifa ya Afrika, alitunga wimbo wa mashindano, na upande wa pili wa santuri akaweka kitu kingine: “Soul Makossa.” Upande ule wa pili ndio uliosafiri. Mwaka uliofuata ulikuwa unapigwa New York, na miaka kumi baadaye mwangwi wake ulisikika katika wimbo wa Michael Jackson. Dibango alifariki Ufaransa Machi 2020, akiwa miongoni mwa wanamuziki mashuhuri wa mwanzo kuchukuliwa na korona.

Mwingine ni Getatchew Mekurya wa Ethiopia, aliyezaliwa mwaka 1935. Alizichukua tambo za vita za kwao, ambazo mashujaa walizighani kabla ya mapambano, akaziweka kwenye saksafoni. Jukwaani alivaa kichwani manyoya ya simba. Alipokuwa na zaidi ya miaka 70 alikuwa bado anapuliza na kundi la Uholanzi, The Ex. Katika jamii zetu majigambo yapo, tambo zipo, nyimbo za jando na za kubembeleza watoto zipo. Mekurya anamwonyesha mtoto kwamba ala iliyobuniwa na Mbelgiji inaweza kusema maneno ya bibi yake.

Hoja ya nne: ajue kwamba wakubwa nao walikosea

Mtoto anayesikia rekodi nzuri tu, bila kujua kilichozitangulia, anaweza kuvunjika moyo. Kwa hiyo muziki uende pamoja na habari za watu.

Charlie Parker alipokuwa kijana mdogo huko Kansas City, mwaka 1936, alipanda jukwaani kupiga na wakubwa. Akapotea katikati ya wimbo. Mpiga dramu Jo Jones aling’oa toazi na kulitupa sakafuni karibu na miguu yake, ukumbi ukacheka. Parker aliondoka kwa aibu. Kiangazi kilichofuata alikwenda kupiga muziki katika milima ya Ozark akiwa na santuri za Lester Young, akazisikiliza na kuzifuata noti kwa noti. Baadaye yeye mwenyewe alieleza kwamba kwa miaka mitatu minne alifanya mazoezi saa 11 hadi 15 kwa siku. Mtoto hatakiwi kufanya hivyo. Dakika 20 zenye usikivu zinamtosha. Anachotakiwa kujua ni alichofanya Parker baada ya kuchekwa: alirudi kusikiliza.

Na wale wanaoishi kwenye majengo ya ghorofa, wenye majirani wanaogonga ukuta, wana mwenzao. Kati ya mwaka 1959 na 1961 Sonny Rollins, akiwa tayari ni maarufu, aliacha kabisa kupanda jukwaani kwa sababu hakuridhika na upulizaji wake. Hakutaka kuwasumbua majirani, akiwemo mama mjamzito, basi akawa anakwenda kwenye Daraja la Williamsburg, juu ya mto, akipuliza saa nyingi, mchana na usiku, treni na magari yakipita. Aliporudi alitoa albamu na kuiita The Bridge, yaani daraja. Nyumba isipokuwa na nafasi, upo uwanja wa shule, upo ufukwe wakati wa maji kupwa.

Kuhusu bei ya ala, neno moja. Mei 1953, katika tamasha la Massey Hall mjini Toronto ambalo wapenzi wa jazi hulitaja hadi leo, Parker alipuliza saksafoni ya plastiki aina ya Grafton. Mzazi asione haya kununua iliyotumika. Ila ampelekee fundi kwanza akague vile vifuniko vya ngozi vinavyoziba matundu, kwani kimoja kikivuja, noti za chini hukataa kutoka na mtoto hulaumiwa kwa kosa la chombo.

Hoja ya tano: asilazimishwe sauti ya mtu mwingine

Mwaka 1934 Lester Young aliingia katika bendi ya Fletcher Henderson, New York, kuchukua nafasi ya Coleman Hawkins. Hawkins alikuwa na sauti nene, iliyojaa. Ya Young ilikuwa nyepesi, inayoelea. Wenzake hawakuipenda. Mke wa Henderson, Leora, alikuwa akimwekea santuri za Hawkins ili amwige. Young hakukubali. Baada ya miezi michache aliondoka na sauti yake. Ni sauti hiyohiyo ambayo Parker aliibeba kwenda nayo Ozark.

Hawkins naye hakuwa na kosa. Oktoba 1939 alirekodi “Body and Soul,” dakika tatu ambazo ziliwafundisha wapuliza tenori wa dunia nzima, akiwemo kijana wa Harlem aliyeitwa Sonny Rollins, ambaye kwa ajili ya Hawkins aliacha alto akahamia tenori. Na miaka mingi baadaye, huko Santiago, Chile, msichana aitwaye Melissa Aldana alianza alto akiwa na miaka sita, akifundishwa na baba yake, Marcos, aliyemzoesha kujifunza kwa kusikiliza rekodi. Alipomsikia Rollins, naye akahamia tenori, akipuliza ala iliyokuwa ya babu yake. Mwaka 2013 Aldana alishinda shindano la kimataifa la jazi la Thelonious Monk, mwanamke wa kwanza kulishinda kwa kupiga ala.

Wazazi wenye mabinti, kisa hiki ni chenu. Hawkins, Rollins, Aldana: sikio moja lilirithisha jingine, toka Marekani hadi Chile, na hakuna hata mmoja anayesikika kama mwenzake. Mtoto aige kwa bidii, maana kuiga ndiyo shule ya kwanza, lakini aruhusiwe kuchagua anayemwiga na kumwacha muda ukifika.

Kuelekea kesho

Ndugu wasikilizaji, ombi la mhadhara huu ni la namna mbili. Kwa wenye mamlaka juu ya shule na vituo vya utamaduni: katika bendi za polisi, za magereza na za jeshi, na katika bendi za dansi, wamo wapuliza saksafoni waliostaafu au wanaokaribia. Waalikwe sasa kukaa na watoto, hata saa moja kwa wiki. Hawahitaji jengo jipya. Wanahitaji chumba chenye viti na mtoto aliye tayari kusikiliza. Redio zenye maktaba za santuri za zamani zitenge kipindi ambacho mtangazaji atasema saksafoni inaingia wapi, ili mtoto ajue pa kutega sikio.

Kwa wazazi: leo usiku, kabla sanduku halijafunguliwa, simu ziwekwe kando na familia ikae pamoja. Mwekeeni mtoto “St. Thomas,” takriban dakika saba, bila mtu kuzungumza. Kikiisha, kiwekeni tena, na safari hii imbeni wote, baba na sauti yake ya besi, bibi na makofi yake. Kesho mwekeeni Sikinde, keshokutwa Dibango. Siku ya nne mwacheni achague mwenyewe, kisha mpeni ala yake na mketi kumsikiliza.